Siku ya Kliniki ya Waya Dorca

Migosi, Kisumu
1 Septemba 2024

Mpendwa Waya Dorca,

Nisamehe, shangazi yangu, kwa kunyamaza tangu nilipoondoka huko Juni. Kila wiki nilisema leo nitaandika, na kila wiki mtoto akilala na mimi nalala kabla sijaipata kalamu. Utaniuliza kwani simu imekufa. Haijakufa. Lakini simu yako lazima iwekwe sauti ya juu ndiyo usikie, na nikipiga nasalimiwa na ufuo mzima kabla yako. Kuna mambo sitaki rafiki yako Lornah anijibu kwa niaba yako. Kwa hiyo barua hii nimempa Naswa, jirani yetu, yule mama anayenunua dagaa wa omena huko kwenu na kuja kuuza sokoni Mamboleo. Yeye huja huko giza la mwezi likiingia, wavuvi wakitoka na taa. Akirudi mpe jibu.

Sisi tunaendelea. Nabututu sasa anasimama akishikilia zile katoni za unga wa kijani, maana zimejaa chumba hadi zimekuwa meza yetu. Jino la pili limetoka na usingizi umeondoka nalo. Baba yake, Walubengo, amepata kazi ya kujenga ukuta wa shule, anarudi amejaa simiti mpaka kope. Anakusalimu. Anasema, "Mwambie Waya siku hizi nakula omena na vichwa vyake."

Sasa Waya, lililonishikisha kalamu. Naswa ameniambia mwezi uliopita alikukuta umekaa chini kando ya sinia lako la samaki, umeshika kichwa kwa mikono miwili. Alipokuuliza ukasema ni jua. Naswa anasema siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Ile Juni nilipokuja na Shantel, huyu aliyeniingiza kwenye biashara ya huu unga wa afya, tulitaka tu kuonyesha wamama wa kanisa ule unga. Sikujua utasimama. Ulisimama ukatoa ushuhuda, ukasema umesumbuliwa na presha miaka mingi, umekunywa unga wa mtoto wako Achola na presha imeisha, vidonge umeviweka kando. Shantel akapiga makofi, na mimi nikapiga. Wamama wakaja kuandikisha majina siku hiyo hiyo. Mimi nilifikiri Waya ananisaidia kuuza, kama vile unavyosifu samaki wa jana kuwa ametoka majini sasa hivi.

Niambie ilikuwa hivyo. Niambie vidonge unameza na mwezi wa nane ulienda kliniki. Nijibu hilo tu, mengine yatasubiri.

Mtoto wako,
Achola


Luanda Kotieno
8 Septemba 2024

Kwako Achola, nyar owadwa, mtoto wa kaka yangu niliyemlea kwa mkono wangu,

Barua nimepokea, na Naswa nimemwekea omena safi isiyo na mchanga. Mwambie asizoee.

Huku mvua imenyesha upande mmoja tu, shamba la Mzee Ogola limelowa na langu limekauka, yeye anasema ni kwa sababu anatoa fungu la kumi. Feri ya Mbita iliharibika, abiria wakalala hapa ufuoni na nikauza mpaka mikia. Kwaya inajiandaa kwenda Bondo. Nimewakataza kushona sare mpya, lakini Lornah ameshanunua kitambaa, sasa utasema nini?

Mwambie mkwe wangu Walubengo kula kichwa cha omena si kazi, kazi ni kunyamaza ukimaliza. Na huyo mtoto mpakeni asali kwenye ufizi.

Wamama wanauliza unga mwingine utakuja lini. Mama mmoja anasema umemtibu goti. Mwingine anasema haukumtibu kitu ila choo kimekuwa cha kijani. Tulicheka. Je, umeshapanda ile ngazi ya biashara uliyosema? Nataka nikisikia jina lako huko mjini lisikike juu. Baba yako alikufa akisema huyu msichana asikae chini ya mtu.

Kuhusu kliniki, mwezi wa nane tulikuwa na matanga ya Ondiek, na unajua mimi ndiye mwenyekiti wa wamama, sufuria zote ziko kwangu. Mimi niko sawa. Lornah anasema nina uso wa bibi harusi.

Naswa anapiga honi ya bodaboda, naacha hapa.

Waya wako,
Dorca


Migosi
29 Septemba 2024

Mpendwa Waya,

Natumaini mmeamka salama wewe na nyumba yote. Hapa Nabututu alikuwa na homa, imepungua. Walubengo alinibebea mtoto jana nikalala mchana mzima kama mgonjwa, na nilipoamka nikasoma barua yako tena.

Hukunijibu, Waya. Nimeisoma mbele na nyuma. Umeniambia habari za feri, kitambaa cha Lornah na choo cha mtu. Hukuniandikia kwamba unameza dawa. Tena mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapandana. Wewe ulinichapa mimi darasa la pili kwa kutoka nje ya mstari.

Naogopa. Wacha nikwambie ukweli wa hii biashara ndio uone haifai mtu kuifia.

Unauliza ngazi. Nilipanda, halafu nikagundua kukaa pale juu ni lazima kila mwezi mimi mwenyewe nichukue katoni mpya, ziuzwe zisiuzwe. Ndizo hizo Nabututu anazoshikilia akisimama. Na walio chini yangu nani? Wewe, wamama wa kanisa lako, dada wawili wa Walubengo, na mama wa salon hapa chini ambaye sasa akiniona anafunga pazia. Watu wetu tu. Siku ya kwanza walituambia tuandike majina ya kila mtu tunayemjua, tukaandika, tukafurahi majina ni mengi. Hakuna aliyetuuliza majina yakiisha itakuwaje. Yaliisha, Waya. Sijawahi kupata mgeni hata mmoja aliyenunua ule unga akarudi kuutafuta mwenyewe. Anayenunua ni yule aliyejiunga, na amejiunga kwa sababu ananipenda mimi au anaogopa kunikatalia.

Kwenye mikutano hawatufundishi hata kilichomo kwenye ule unga. Tunafundishwa kutoa ushuhuda. Msichana mmoja aliuliza kama mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kuunywa, akaambiwa maswali ni ya watu wanaotaka kubaki walipo. Nikimwambia Shantel mambo yamekwama, anasema, "Mama Nabututu, biashara haijakwama, wewe ndiye umekwama." Na mimi kwa muda mrefu niliamini. Nilijilaumu, nikajisukuma, nikabeba mtoto mgongoni mpaka Kondele kutafuta watu kwenye jua.

Kwa hiyo usinitunzie jina. Hakuna jina huko juu. Jumatano hii ni siku ya kliniki, nenda. Hili nakuambia kama mtoto wako, na kama umelikataa nakuambia kama mama wa mtu.

Andika tu: nilienda.

Achola


Luanda Kotieno
6 Oktoba 2024

Achola,

Nashukuru homa ya mtoto imeshuka. Huku ni amani.

Sikuenda.

Umenisukuma, sasa nitasema. Unaijua ile benchi ya dispensari? Iko nje, chini ya ukingo wa paa, na inaangalia njia ya feri. Kila anayeshuka Jumatano anaona nani amekaa na kadi ya presha mkononi. Miaka yote nilikaa pale nikiongea na watu, nikauza hata samaki nikisubiri kuitwa. Sasa nikikaa, watu wanaona nini? Wanaona mwenyekiti wa wamama aliyesimama madhabahuni akasema Mungu amemponya. Achola, ushuhuda haurudishwi kama sufuria ya kuazima. Nilimtaja Mungu. Nikirudi kwenye benchi, mmoja wetu ni mwongo, na si Mungu.

Na wewe je? Wale wamama waliandika majina kwa sababu yangu. Wakiniona pale watakuja kwako mjini, na una mtoto mchanga. Nilikaa nikawaza, nikaona ni heri kichwa kiniume kidogo.

Unasema nilikuwa nasifu samaki. Mwanzoni ndiyo. Nilimeza vidonge vyangu kwa siri na nikasema nimeviacha, ili uuze. Halafu vidonge viliisha, na vya kuongeza viko kwenye dirisha lile lile, mbele ya benchi ile ile. Basi nikasema labda Mungu ameniona nilivyosema, atafanya iwe kweli.

Kuna kitu kitakuchekesha. Juzi nilikuwa napanga samaki kwenye sinia nikawaona wawili wawili. Nikasema leo biashara imekua. Nikagusa, mmoja yuko, mwingine hayuko. Lornah alicheka sana. Baadaye akaacha kucheka akaniangalia.

Usije. Barabara ni mbaya na mtoto ni mdogo.

Dorca


Migosi
7 Oktoba 2024, asubuhi

Waya,

Leo sina salamu ndefu. Naswa ameniletea barua yako saa moja. Nimepiga simu, Lornah akapokea, akasema umelala. Saa nne asubuhi, Waya. Wewe tangu nizaliwe hujawahi kulala saa nne asubuhi. Nimemwambia akuamshe, akaenda, akarudi akasema, "Ameamka, ila anaongea polepole." Nikasikia sauti yako kwa mbali ikisema niambiwe uko sawa. Haikuwa sauti yako.

Naandika haraka, usinichape kwa mistari.

Nimemwambia Lornah atafute gari akupeleke hospitali ya Bondo sasa hivi. Anasema umekataa, umeshika mlango. Kwa hiyo naandika na barua inakuja na gari la saa sita, dereva ameniahidi kukupa mkononi. Mimi nakuja kesho na mtoto. Walubengo ameshaenda kuomba ruhusa kwa msimamizi wake.

Nilimpigia Shantel kumwambia natoka na kwa nini. Alisema nisubiri, Jumamosi kuna mkutano mkubwa. Alisema, "Ukivunja ushuhuda wa shangazi yako, umevunja timu nzima, na watu wataniuliza mimi." Nikamuuliza, "Na akifa?" Akasema, "Usiongee maneno mabaya, yanavutia mabaya." Nikakata simu. Nimekaa kitandani nikiangalia katoni na sijui hata naziogopa kwa nini, ni unga tu. Lakini ninaziogopa.

Sikia. Unaogopa benchi. Mimi naogopa wamama, ndiyo sababu sikuja Julai, wala Agosti, wala Septemba. Sikukuambia hilo, nilisema ni usingizi wa mtoto. Basi tutaogopa pamoja. Lakini kwanza Bondo, na kama umebaki hapo kwa ubishi mpaka nifike, nitakubeba. Nimebeba mtoto na katoni, sitashindwa na wewe.

Kuhusu Mungu, sijui kuongea kama wewe. Ninajua tu hakukutuma useme uongo ili mimi niuze, kwa hiyo hawezi kudai ufe ili uongo ukae.

Fungua mlango.

Achola


Luanda Kotieno
3 Novemba 2024

Mwanangu Achola,

Habari za Migosi? Mtoto amesahau sura yangu? Mwambie ni yule mzee aliyemnyang'anya kijiko. Mkwe wangu nimempelekea samaki wa mbuta mzima kwa mkono wa Naswa, asimwache alale, ampike siku hiyo hiyo.

Tangu mlipoondoka nimetulia. Bondo walinitisha vya kutosha. Yule daktari mdogo aliyesema ni mlango wa kiharusi, kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni, bado namsikia. Nilitaka kumwambia mimi nilikuwa nimeshika mlango mwingine.

Lakini nataka kukuandikia ile Jumatano ya pili, uliponikalisha kwenye benchi. Sikukuambia siku ile kwa sababu ulimi ulikuwa mzito. Nilipomwona Lornah anakuja na beseni, nilitaka kuingia chini ya benchi. Wewe ukatoa ziwa ukamnyonyesha mtoto hapo hapo, ukaiweka kadi yangu juu ya goti lako, imeangalia njia. Feri ikafika. Wakashuka wote. Na Lornah, bila aibu, akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, leo umekuja kuwaombea wagonjwa?" Nikajua nimekwisha. Wewe ukamwambia, "Amekuja kuchukua dawa ya presha, Mama. Hajapona. Ule unga haumponyi mtu, na mimi ndiye niliyeuleta." Ukasema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Lakini mguu wako uliubana wangu chini ya benchi, na wangu ukaubana wako. Lornah akatua beseni. Hakusema kitu, na unajua huo ni muujiza.

Wapo wanaoniamkia sasa na wapo wanaopita upande wa pili. Mama wa goti anasema nimeuza imani yake. Kwenye kwaya wamemweka mwingine mbele, wanasema nipumzike. Mchungaji alikuja, akakaa, akanywa chai, akaondoka bila kutaja jambo lenyewe. Inauma. Sitasema haiumi.

Jumatano iliyopita nilienda peke yangu. Nikakuta mtu amekaa kwenye benchi, ni Lornah, na kadi ya sukari ameificha ndani ya kile kitambaa cha sare. Alikuwa ameacha dawa tangu Juni, Achola. Kwa maneno yangu. Vidole vya mguu vimefura. Nilikaa karibu naye. Nikaitoa kadi yangu nikaishika imeangalia njia mpaka akaitwa jina.

Wengine sijui. Naogopa kuuliza.

Mimi vidonge nameza kila siku, naapa. Sinia sasa nabeba dogo, linatosha. Usiwe na wasiwasi.

Waya wako,
Dorca


Migosi
1 Desemba 2024

Mpendwa Waya,

Asante kwa mbuta. Alipikwa siku hiyo hiyo, na Walubengo alinyamaza alipomaliza kama ulivyomfundisha. Nabututu ametembea hatua zake za kwanza akiwa ameshika kijiko. Mimi nimeanza kufua nguo za watu hapa mtaani asubuhi mbili kwa wiki, mikono imechubuka lakini nalala. Shantel amenitoa kwenye kundi la simu. Kabla hajanitoa aliandika kwamba kuna watu huja kwenye biashara na moyo mdogo na wanaondoka nao. Dada za Walubengo hawajaja kwetu tangu niwaambie waache. Mama wa salon amefungua pazia.

Sasa Waya, mimi nakupenda, lakini umeshaniapia vitu. Naswa anasema unabeba sinia kwa mkono wa kulia tu, na wa kushoto umeuweka ndani ya leso. Hukuniandikia hilo. Umeandika "dogo, linatosha." Siku hizi nikisoma barua yako natafuta mahali ulipopita haraka, na hapo ndipo naogopa. Kuapa hakunitoshi tena, na usikasirike. Ni sisi wawili tuliozoea kusema vizuri.

Kwa hiyo Naswa akirudi, nitumie haya, na usipunguze hata moja:

Makopo yote ya unga yaliyo kwa wamama, yaliyofunguliwa na yasiyofunguliwa. Usimwage ziwani wala usiwape kuku. Nitayatupa mimi.

Jina la kila mama aliyeacha dawa yake tangu Juni. Muulize Lornah, atajua, na safari hii mwache aongee. Nitakuja Krismasi niende kwao mlango kwa mlango, hata kwa mama wa goti.

Namba za presha yako za kila Jumatano, zikiwa zimeandikwa na nesi kwa mkono wake, si wewe.

Habari ya mkono wa kushoto. Chora mstari kwa mkono huo kwenye karatasi, hata ukipinda, niuone.

Na kila giza la mwezi, nitumie zile karatasi za vidonge zinazong'aa, ulizomaliza kumeza. Usizioshe wala usizikunje. Nitumie zikiwa tupu, kila tundu limetobolewa.

Mtoto wako,
Achola